Mikato ya kibodi katika terminali ya mbali

'''Mikato ya kibodi katika terminali ya mbali''' ni michanganyiko ya vitufe, kama vile Ctrl-R, Alt-B au F2, ambayo mtumiaji huibonyeza kwenye kompyuta iliyo mbele yake ili kuiamuru kompyuta nyingine iliyo mbali kupitia dirisha la maandishi. Kompyuta ya mbali kwa kawaida ni seva, na njia ya kuifikia siku hizi ni itifaki ya SSH. Karibu kila mkato unaweza kubadilishwa. Ugumu ni kujua ubadilishwe wapi, kwa sababu kitufe kimoja hupitia programu tano au sita kabla ya kufika, na yoyote kati yake inaweza kukichukua isikipitishe mbele.

Makala hii inaeleza safari hiyo ya kitufe, mahali pa kufanyia mabadiliko, na matatizo ambayo hutokea mara nyingi zaidi mahali ambapo mtandao ni wa polepole au hukatika.

== Umbali na umuhimu wa mikato ==

Katika terminali ya mbali herufi inayoonekana kwenye kioo haikuandikwa na kompyuta ya mtumiaji. Mtumiaji akibonyeza "a", herufi hiyo husafiri hadi kwenye seva, seva huirudisha, ndipo inaonekana. Kila kitufe ni safari ya kwenda na kurudi.

Mtu aliyeko Mwimbi, katika Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, akifanya kazi kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka kwenye seva hiyo kwa mstari mnyoofu. Ndani ya nyuzi za kioo nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali huo wenyewe huongeza milisekunde chache tu ambazo jicho halizioni. Seva ikiwa Ulaya, mwishoni mwa waya wa kilomita 10,000, safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 100. Kwa setilaiti iliyo kwenye obiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta, mawimbi hupanda na kushuka mara mbili, na jibu huchukua karibu nusu sekunde hata kama vifaa vyote ni vizuri.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Afrika ya Mashariki kabla ya mwaka 2009, wakati mawasiliano ya kimataifa yalipotegemea setilaiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Katika miaka hiyo ulianza pia ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaopeleka nyuzi hizo mikoani nchini Tanzania. Lakini hatua ya mwisho, kutoka mnara hadi kwenye simu au kompyuta ya mtumiaji, bado mara nyingi ni mawimbi ya redio, na hapo ndipo ucheleweshaji unapopanda na kushuka bila taarifa. Hata mikongo yenyewe hukatika: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM ilikatika siku moja, na intaneti ya Tanzania ikawa miongoni mwa zilizoathirika zaidi.

Kwenye njia ya namna hiyo, kufuta amri ya herufi 40 kwa kubonyeza kitufe cha kufuta mara 40 ni kazi ya kuchosha, na tena ni ya hatari. Herufi hazionekani zikifutika kwa wakati, mtumiaji huendelea kubonyeza, na mwishowe anafuta zaidi ya alichokusudia au anabonyeza Enter juu ya amri iliyobaki nusu. Ctrl-U hufuta yote kwa safari moja. Anayefanya kazi mbali na seva yake huanza kujifunza mikato kwa sababu hii, hata kama hana haja ya kuonekana hodari.

== Asili ==

Kitufe cha Ctrl kimerithiwa kutoka kwenye mashine za teletaipu. Katika msimbo wa ASCII, uliotolewa mwaka 1963, nafasi 32 za mwanzo hazina herufi za kusomeka bali alama za kuongozea mashine: kupiga kengele, kurudisha gari la uchapaji, kusogeza karatasi. Ctrl humwezesha mchapaji kuzituma alama hizo kwa kutumia vitufe vya kawaida. Ctrl-A ni namba 1, Ctrl-B ni namba 2, na kuendelea.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Ctrl-I ni namba 9, ambayo pia ni kitufe cha Tab. Ctrl-M ni namba 13, yaani Enter, na Ctrl-[ ni namba 27, yaani Esc. Kwa seva, vitufe vya kila jozi hapo ni kitu kimoja. Vilevile Ctrl-Shift-A na Ctrl-A havitofautiani, kwa kuwa ASCII haina nafasi ya Shift ndani ya Ctrl. Anayejaribu kuipa Ctrl-I kazi mpya huku akitaka Tab ibaki na kazi yake ya zamani hatafanikiwa kwa njia ya kawaida. Zipo programu mpya za terminali zenye itifaki za ziada za kutofautisha vitufe hivyo, lakini zinahitaji programu ya upande wa seva izielewe pia.

Vitufe vya mishale na vya F1 hadi F12 havimo kabisa katika ASCII. Hutumwa kama mfuatano unaoanza na Esc. Mshale wa juu, kwa mfano, hutumwa kama Esc, mabano ya mraba na herufi A. Mtindo huo ulienezwa na terminali ya VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1978, na programu nyingi za terminali za leo bado zinaiiga mashine hiyo. Kitufe cha Alt nacho kwa kawaida hutumwa kwa kutanguliza Esc: Alt-B ni Esc ikifuatwa na b.

SSH yenyewe ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Ufini, baada ya manenosiri kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu alichokuwapo. Ilichukua nafasi ya Telnet, iliyokuwa ikituma kila kitu wazi, manenosiri yakiwemo. Toleo linalotumika zaidi leo, OpenSSH, lilitoka mwaka 1999, na mwaka huohuo Simon Tatham wa Uingereza alitoa PuTTY kwa ajili ya Windows.

== Safari ya kitufe ==

Kitufe kinapobonyezwa hupita kwa mpangilio huu: mfumo endeshi wa kompyuta ya mtumiaji, programu ya terminali (au kivinjari, kama terminali imefunguliwa ndani ya ukurasa wa wavuti), programu ya SSH, kiendeshi cha terminali kwenye seva, programu ya kugawa terminali kama tmux ikiwa ipo, na mwisho kifasiri amri kama bash au programu nyingine iliyofunguliwa, kwa mfano kihariri cha vim. Tmux ikiwepo, kiendeshi cha terminali hupitiwa mara mbili, kwa kuwa kila kidirisha cha tmux kina chake.

Anayekishika kwanza ndiye mwenye kukitumia. Alt-Tab haitafika kwenye seva kamwe, maana mfumo endeshi huichukua kwa kubadilisha madirisha. F10, ambayo hufunga programu ya htop, katika GNOME Terminal hufungua menyu ya dirisha mpaka mtumiaji aizime katika mipangilio. Hali mbaya zaidi ni ile ya kivinjari. Katika bash Ctrl-W hufuta neno moja nyuma ya kielekezi, lakini kwenye kivinjari hufunga kichupo kizima pamoja na kazi yote iliyokuwemo, na vivinjari vikubwa haviuruhusu ukurasa wa wavuti kuuzuia mkato huo katika dirisha la kawaida. Anayetumia terminali ya kivinjarini afadhali azoee Alt na kitufe cha kufuta, ambavyo katika bash hufanya kazi inayokaribia hiyo.

Kwa sababu hiyo, mkato usipofanya kazi, swali la kwanza ni ulipotelea wapi. Jaribio rahisi ni kuandika amri <code>cat -v</code> kwenye seva, kubonyeza kitufe kinachohusika, na kutazama. Ikitokea <code>^[[A</code>, basi mshale wa juu umefika salama na tatizo liko kwenye kifasiri amri. Kisipotokea chochote, kitufe kimechukuliwa njiani, na hakuna badiliko litakalofanywa kwenye seva likasaidia. Watu hupoteza saa nzima wakihariri faili za seva kwa kosa lililoko kwenye dirisha la kompyuta yao wenyewe.

== Mipangilio ya programu ya terminali ==

Katika mazingira ya Linux na katika Windows Terminal, kunakili na kubandika hufanywa kwa Ctrl-Shift-C na Ctrl-Shift-V, kwa kuwa Ctrl-C tayari ina kazi ya kusimamisha programu inayoendelea. Mikato hii hubadilishwa katika menyu ya mipangilio ya programu husika.

PuTTY haimruhusu mtumiaji kuipa kila kitufe kazi aitakayo. Hutoa machaguo machache katika ukurasa wake wa kibodi, na moja kati yake huwasumbua wengi: kitufe cha kufuta kitume namba 8 au namba 127. Chaguo lisipolingana na matarajio ya seva, kila unapofuta hutokea alama ya <code>^H</code> au <code>^?</code> badala ya herufi kuondoka. Tiba ni kubadilisha chaguo hilo katika PuTTY, au kuandika kwenye seva <code>stty erase</code> na kubonyeza kitufe chenyewe cha kufuta kabla ya Enter.

Tabia nyingine ya PuTTY inayostahili tahadhari ni kwamba kubofya kitufe cha kulia cha kipanya hubandika papo hapo chochote kilichonakiliwa mwisho. Maandishi hayo yakiwa na mistari kadhaa, kila mwisho wa mstari unaweza kuhesabiwa kama Enter na amri zikatekelezwa moja baada ya nyingine. Katika ukurasa wa uteuzi inawezekana kuamuru kitufe cha kulia kifungue menyu badala ya kubandika. Bash kuanzia toleo la 5.1 (2020) nayo ina kinga: maandishi yaliyobandikwa husubiri mpaka mtumiaji mwenyewe abonyeze Enter. Seva za zamani hazina kinga hiyo, na zipo nyingi.

== Alama ya kutoroka ya SSH ==

Mtandao unapokatika ghafla, dirisha la SSH huganda. Ctrl-C haisaidii, kwa kuwa Ctrl-C ni kitufe cha kutumwa kwenye seva na seva haifikiki. Wengi hufunga dirisha zima. OpenSSH ina njia yake: kubonyeza Enter, kisha alama ya wimbi (~), kisha nukta. Mfuatano huo hausafiri kokote, bali hushikwa na programu ya SSH iliyo kwenye kompyuta ya mtumiaji, nayo hukata muunganisho mara moja. Enter ya mwanzo ni ya lazima, kwa kuwa alama ya wimbi hutambuliwa tu ikiwa ya kwanza katika mstari.

Alama ya wimbi ikifuatwa na alama ya kuuliza huonyesha orodha ya amri nyingine za aina hiyo. Aliyepitia seva moja kwenda nyingine, na anataka kukata ile ya pili tu, hubonyeza alama ya wimbi mara mbili kabla ya nukta.

Alama hii hubadilishwa katika faili <code>~/.ssh/config</code>:

 Host *
     EscapeChar %
     ServerAliveInterval 30
     ServerAliveCountMax 3

Mistari miwili ya mwisho si mikato, lakini inakwenda pamoja nayo: huifanya programu kuiuliza seva kila baada ya sekunde 30 kama bado ipo, na kukata yenyewe baada ya maswali matatu yasiyojibiwa.

Sababu ya kutaka alama nyingine huwa ni kibodi. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia zaidi kibodi za mpangilio wa Marekani au Uingereza, ambazo alama ya wimbi hupatikana kwa Shift na kitufe kimoja, ingawa mahali pake hutofautiana: kwenye kibodi ya Marekani iko juu kushoto, kwenye ya Uingereza iko karibu na Enter. Kompyuta za mitumba huchanganya mambo zaidi, kwani vitufe huweza kuwa vimechapwa kwa mpangilio mmoja huku mfumo endeshi umewekwa mwingine. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi, kibodi nyingi ni za AZERTY. Huko alama ya wimbi huhitaji kitufe cha AltGr, na katika mipangilio mingine haitokei mpaka kibonyezwe kitufe cha nafasi. Mabano ya mraba nayo huhitaji AltGr, kwa hiyo Ctrl-], ambayo ndiyo alama ya kutoroka ya Telnet, ni shida kuipata. Alama ya asilimia hupatikana kwa Shift tu, na ni nadra mstari wa amri kuanza nayo.

== Tmux na kitufe tangulizi ==

Programu ya kugawa terminali hukaa kwenye seva na kushikilia kazi hata mtumiaji anapotoka. Umeme ukikatika Mwimbi, kazi iliyo ndani ya tmux Dar es Salaam huendelea. Mtumiaji akirudi huandika <code>tmux attach</code> na kuikuta ilipofikia. Bila programu ya namna hii, zoezi la kuhamisha hifadhidata lililochukua saa tatu huweza kufa muunganisho unapokatika. Programu ya kwanza kupata umaarufu ilikuwa GNU Screen, iliyoanza mwaka 1987 nchini Ujerumani. Tmux, iliyotungwa na Nicholas Marriott, ilitoka mwaka 2007.

Kwa kuwa programu hizi hukaa katikati ya njia, zinahitaji namna ya kutofautisha vitufe vyao na vile vya kupitishwa mbele. Hutumia kitufe tangulizi: Ctrl-A kwa Screen, Ctrl-B kwa tmux. Kitufe kinachofuata baada yake ndicho amri. Ctrl-B kisha d hutoka bila kuua kazi. Ctrl-B kisha c hufungua dirisha jipya.

Hapa ndipo watu wengi hufanya badiliko lao la kwanza. Ctrl-B ni mbali kwa vidole, na waliotoka Screen wamezoea Ctrl-A, hivyo huandika katika faili <code>~/.tmux.conf</code>:

 set -g prefix C-a
 unbind C-b
 bind C-a send-prefix
 bind r source-file ~/.tmux.conf

Mstari wa tatu si wa kuachwa. Katika bash Ctrl-A hurudisha kielekezi mwanzoni mwa mstari. Tmux ikiichukua, mkato huo hupotea mpaka mtumiaji aibonyeze mara mbili, na ni mstari huo unaoruhusu hivyo. Mstari wa nne huwezesha kusoma upya mipangilio kwa kitufe tangulizi na r, bila kufunga chochote.

Tmux hukubali pia mikato isiyo na kitangulizi, kwa kuandika <code>bind -n</code>. Ni rahisi kwa vidole lakini gharama yake ni kwamba kitufe hicho hakitafika tena kwenye programu yoyote iliyo ndani. Aliyeipa F9 kazi kwa njia hiyo atashangaa siku atakapoihitaji katika htop.

Tatizo kubwa zaidi ni tmux ndani ya tmux: moja kwenye kompyuta ya mtumiaji, nyingine kwenye seva. Zote mbili zikiwa na kitangulizi kimoja, ya nje hukichukua kila mara. Suluhisho linalodumu ni kuzipa vitangulizi tofauti, kwa mfano Ctrl-A nyumbani na Ctrl-B kwenye seva. Kwa namna hiyo mtumiaji hulazimika kufikiri yuko kwenye mashine ipi kabla ya kubonyeza. Hilo linaonekana usumbufu, lakini limewaokoa wengi.

== Kifasiri amri ==

Bash husoma vitufe kwa msaada wa maktaba iitwayo Readline, na mipangilio yake hukaa katika faili <code>~/.inputrc</code> kwenye seva. Mfano wenye manufaa makubwa kwa mtandao wa polepole ni huu:

 "\e[A": history-search-backward
 "\e[B": history-search-forward

Baada ya hapo, mtumiaji huandika herufi chache za mwanzo wa amri aliyoitumia zamani na kubonyeza mshale wa juu. Bash humletea zile tu zinazoanza na herufi hizo. Badala ya kuandika upya amri ndefu, au kupanda historia hatua kwa hatua, safari hupungua hadi mbili au tatu. Mabadiliko ya faili hii husomwa kwa kubonyeza Ctrl-X kisha Ctrl-R. Zsh haitumii Readline. Huko amri ni <code>bindkey</code>, na huandikwa katika <code>~/.zshrc</code>.

Vitufe vichache havitii faili hiyo. Ctrl-W ni kimojawapo, kwa kuwa Readline hukiwekea kazi ile iliyoandikwa kwenye kiendeshi cha terminali. Anayetaka kukibadilisha aanze na mstari <code>set bind-tty-special-chars off</code>.

Kingine ni Ctrl-S, ambacho huwatia hofu wanaoanza. Aliyezoea kuhifadhi hati kwa Ctrl-S hukibonyeza kwenye terminali na kila kitu hukwama kana kwamba seva imekufa. Hakuna kilichokufa. Ni alama ya enzi za teletaipu ya kuiambia mashine isitishe kutuma, na Ctrl-Q huifungulia tena. Kwa kuwa dalili zake ni zilezile za mtandao kukatika, ni vyema mahali penye mtandao dhaifu kukizima kwa <code>stty -ixon</code> katika faili ya <code>~/.bashrc</code>. Aliyeganda ghafla ajaribu kwanza Ctrl-Q, ndipo amlaumu mtoa huduma wa mtandao.

Ctrl-D kwenye mstari mtupu humtoa mtumiaji kwenye seva. Amri <code>set -o ignoreeof</code> huzuia hilo mpaka kibonyezwe mara kumi mfululizo.

Waandishi wa Kiswahili wana mtego wao wa pekee. Herufi zote za Kiswahili zimo katika ASCII, hivyo terminali haina shida na lugha hii, isipokuwa ritifaa ya ng'. Kwa bash ritifaa ni mwanzo wa nukuu. Anayeandika <code>mkdir ng'ombe</code> hubaki akitazama alama ya <code>></code>, kwani bash inasubiri nukuu ifungwe. Ctrl-C humtoa hapo, na amri sahihi ni <code>mkdir "ng'ombe"</code>. Kwa faili iliyopo tayari, kuandika <code>n</code> na kubonyeza Tab hutosha ikiwa hakuna jina jingine linaloanza na herufi hiyo: bash huweka ukingo unaohitajika yenyewe.

== Esc na muda wa kusubiri ==

Kwa kuwa Alt na mishale hutumwa kama Esc ikifuatwa na herufi nyingine, programu ya upande wa seva ikipokea Esc haijui kama ni kitufe cha Esc chenyewe au ni mwanzo wa mfuatano. Husubiri kidogo. Tmux kwa miaka mingi ilisubiri milisekunde 500, na mtumiaji wa vim ndani yake aliona kihariri kikizubaa kila alipobonyeza Esc. Mapendekezo mengi yanayosambazwa husema muda huo upunguzwe hadi sifuri.

Ushauri huo ulitolewa na watu wenye mtandao wa haraka. Pakiti zikitenganishwa njiani, Esc huweza kufika kwanza na <code>[A</code> ikafika baadaye, muda wa kusubiri ukiwa sifuri, mshale wa juu hugeuka kuwa Esc pamoja na herufi mbili zisizotakiwa ndani ya hati. Kwa njia isiyotulia, milisekunde 50 hadi 100 ni salama zaidi:

 set -sg escape-time 50

Programu ya Mosh, iliyotolewa mwaka 2012 kutoka MIT nchini Marekani, hushughulikia ucheleweshaji kwa njia nyingine. Hukisia herufi itakavyoonekana na kuiweka kwenye kioo kabla seva haijajibu, kisha husahihisha ikikosea. Huvumilia pia kubadilika kwa anwani ya mtandao, kwa mfano mtumiaji anapotoka kwenye Wi-Fi kwenda kwenye data ya simu. Mfuatano wake wa kukata ni Ctrl-^ kisha nukta, na hubadilishwa kwa kigezo <code>MOSH_ESCAPE_KEY</code>. Inahitaji kusakinishwa pande zote mbili na milango ya UDP kufunguliwa kwenye seva, jambo ambalo si kila msimamizi hulikubali.

== Kwenye simu ==

Kibodi ya kawaida ya simu haina Ctrl, Esc wala mishale. Termux, programu ya terminali kwa Android, hutumia kitufe cha kupunguza sauti kama Ctrl. Sauti chini pamoja na C ni Ctrl-C. Kitufe cha kuongeza sauti pamoja na E ni Esc, na pamoja na T ni Tab. Huonyesha pia safu ya vitufe vya ziada juu ya kibodi, inayoweza kupangwa upya katika faili <code>~/.termux/termux.properties</code>:

 extra-keys = [['ESC','TAB','CTRL','~','UP','|'],['ALT','/','-','LEFT','DOWN','RIGHT']]

Amri <code>termux-reload-settings</code> huanzisha mpangilio mpya. Kuweka alama ya wimbi na ya mstari wima katika safu hiyo kunafaa, maana kwenye kibodi za simu zimefichwa ukurasa wa pili au wa tatu.

== Seva yenye watumiaji wengi ==

Katika ofisi ndogo, shule au zahanati, mara nyingi watu kadhaa huingia kwenye seva kwa akaunti moja. Anayebadilisha <code>~/.inputrc</code> au <code>~/.tmux.conf</code> ya akaunti hiyo amewabadilishia wote, na mwenzake atakayeingia usiku wakati wa hitilafu atabonyeza Ctrl-A asipate alichotarajia. Njia ya heshima ni kuweka mapendeleo katika faili yenye jina tofauti na kuisoma kwa kipindi kimoja tu, kwa amri <code>bind -f</code> ikifuatwa na jina la faili. Tmux nayo hukubali faili mbadala kwa <code>tmux -L</code> na jina la soketi yake, pamoja na <code>-f</code> na jina la faili.

Hatari nyingine ni kuipa mkato mmoja amri isiyo na marejeo, kama kuzima au kuwasha upya mashine. Madirisha mawili ya maandishi hufanana, na kitufe hakiulizi kimebonyezwa katika lipi. Katika Debian na jamii yake kipo kifurushi kiitwacho molly-guard, ambacho mtu aliyeingia kwa SSH akitoa amri ya kuzima humtaka kwanza aandike jina la seva anayotaka kuizima. Seva iliyozimwa kwa makosa haiwashwi kwa mkato wowote wa kibodi. Isipokuwa ina njia tofauti ya usimamizi wa mbali, lazima mtu afike ilipo na kubonyeza kitufe chake kwa mkono, na kutoka Mwimbi hadi Dar es Salaam hiyo ni safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1,000.